Bwana Harusi, Mpambe na Mama Mkwe

Kila nikifungua lile kundi lenu la simu nakuta swali ni lile lile. "Mama Picha, kamera mpya imetoka, tununue au tusubiri?" Mara mnanitumia video ya kijana wa Ulaya anafungua boksi huku machozi yanamlengalenga. Sasa vidole vyangu hivi vinakosea herufi, na mkianza kubishana mnaandika haraka kuliko ninavyosoma, kwa hiyo nimeamua niwajibu mara moja, kwa urefu, yaishe. Anayetaka ndiyo au hapana tu amfuate yule anayelia na boksi.

Kwa ninyi msionijua, mimi nilitoka Isansa nikiwa binti, nikikimbia kuchuma kahawa ya baba, nikaja Tunduma kushika kamera, na sikuiweka chini mpaka magoti yaliponikatalia kuchuchumaa. Studio yangu ilikuwa upande wa kwenda mpakani, kwenye foleni ya malori. Nimepiga picha za paspoti za madereva wenye usingizi, mabibi harusi wa pande zote mbili, kwaya, misiba, hata fahali mmoja wa Msangano ambaye mfugaji wake alitaka akae ukutani kama mkuu wa wilaya. Wateja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wakichukua picha zao walikuwa wananiambia, "Natotela, mayo," yaani asante mama, kisha wanabaki kubishana kwamba pua zao si kubwa hivyo. Siku hizi studio anayo Sekela, binti wa kaka yangu. Ndiye aliyenitia kwenye habari hii ya kamera mpya.

Alikuja kwangu Ijumaa moja na mabegi mawili, akayapanga mezani nilipokuwa nachambua maharage. La kwanza lilikuwa na hiyo kamera mnayoililia. Mfanyabiashara wa pale mjini alimruhusu aijaribu mpaka Jumatatu, baada ya hapo aseme anaichukua au anampisha mwingine, maana watu wamepanga mstari. Begi la pili lilikuwa na mpinzani wake, wa kampuni nyingine, aliyeazimwa na rafiki yake wa Mlowo.

"Shangazi, nimejikusanya muda mrefu," akaniambia. "Nikikosea hapa sina pa kuanzia tena. Nisaidie kuchagua."

Majina ya makampuni sitayataja, hawajanipa hata kofia. Ile mpya niliiita Bwana Harusi, kwa sababu imeingia na vigelegele. Mpinzani wake nikamwita Mpambe, kwa sababu anafanana naye, anamfuata kila mahali, na ukimwangalia vizuri unaweza kuona kwamba bibi harusi angemchukua huyu asingejuta.

Sasa sikilizeni. Bwana Harusi mkononi anakaa vizuri kama mpini wa jembe ulilolizoea. Mpambe ni mwepesi, shingo inamshukuru, lakini vidole vyangu vinene vilikuwa vinabonyeza vitufe viwili kwa mpigo. Na fokasi? Jamani! Nilitoka barabarani nikamwelekezea Bwana Harusi kijana wa bodaboda anayekuja mbio, akalikamata jicho lake. Sisemi uso, nasema jicho. Akaling'ang'ania mpaka kijana akanipita na vumbi lake. Nikakumbuka mimi zamani, natembea kinyumenyume mbele ya maharusi, mkono mmoja unazungusha lenzi, naomba Mungu kimoyomoyo. Pale Vwawa niliwahi kuingia kwenye mtaro mbele ya kamati nzima ya harusi. Filamu ilinusurika, sketi haikunusurika.

Kwenye giza wote wawili ni wazuri, hata kanisa lenye madirisha madogo halihitaji flashi. Kwenye rangi, hapo msinidanganye, Mpambe anaijua ngozi yetu. Bwana Harusi anatutia wekundu kidogo kama watu waliotoka kula pilipili. Mtasema inarekebishika kwenye kompyuta. Sawa, rekebisha, huku mama wa bibi harusi anakupigia simu. Bwana Harusi tena ni mlafi wa betri, na picha zake ni nzito mpaka kompyuta ya Sekela ilianza kuunguruma. Lakini ukimzima anafunga pazia lake ndani, na kwa vumbi la Tunduma hilo si jambo dogo. Mpambe ukibadilisha lenzi anabaki wazi, anameza vumbi lote la malori.

Kisha Sekela akaniambia sifa ambayo aliona inamaliza ubishi. "Shangazi, huyu hana mlio kabisa. Hana kioo ndani cha kuruka juu na chini, hana kitu kinachogonga. Unapiga picha kanisani mchungaji hasikii."

"Wachungaji watampenda," nikasema. Na kweli niliona ni sifa. Ng'ombe hazeeki maini, lakini mimi siku ile nilisahau nilichofundishwa.

Maana kuna kamera ya tatu katika habari hii. Ni kamera yangu ya filamu, ya chuma, niliyoachiwa na Mzee Simkonda aliyenifundisha kazi. Haitumii betri. Unavuta kishikio kwa kidole gumba, unabonyeza, inalia kwaa! Kuku wanaruka. Filamu sijaweka ndani yake siku nyingi, inaning'inia tu msumarini juu ya mlango wa studio, lakini nikisafiri naibeba ndani ya kitenge. Sekela na wenzake wanaiita Mama Mkwe, kwa uzito wake na kwa kuwa haijui kunyamaza.

Mnawajua wazee wetu wa milimani mbele ya kamera. Walifundishwa na wapiga picha wa kwanza kwamba ukitikisika umeharibu, na ukipumua umetikisika. Basi mzee anakaa, mikono magotini, mgongo wima, anavuta pumzi anaifungia ndani, macho yamekaza, anasubiri mlio. Ukilia kwaa, pumzi inatoka, mabega yanashuka, mtu anarudi. Kwaya nzima ya akina mama utaisikia inashusha pumzi kwa pamoja, fyuuu, utadhani tairi la lori. Mzee Simkonda alikuwa anapiga mara mbili. Ya kwanza kwenye mlio, anavuta filamu upesi, ya pili wakati pumzi inatoka. "Ya kwanza ni yao, binti," alikuwa ananiambia, "wamekuja kuifuata, wape. Ya pili ni ya kwako. Mtu yuko kwenye ya pili." Wateja walikuwa wanalalamika anapoteza filamu. Lakini wakifika studio walikuwa wanasimama mbele ya ukuta wa zile za pili, wanaziangalia hata kama hawamjui mtu.

Haya, turudi kwa Sekela. Jumamosi ile alikuwa na kazi Itumba, na si kazi ya mteja. Alikuwa anaitwa na babu yake mzaa mama, Mzee Kibona. Mzee ana presha ya macho. Jicho moja lilikwisha funga, na la pili daktari alimwambia linafuata, wasijidanganye. Alikuwa ameshaanza kuona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, kiduara kidogo tu katikati. Basi alimpigia mjukuu wake simu akamwambia anataka kitu kimoja kabla ya giza. Anataka picha ya mke wake akiwa anacheka.

Msione ni ombi dogo. Mama Kibona kwa kucheka anajulikana Itumba yote. Akicheka jikoni majirani wanauliza kuna nini. Ila mbele ya kamera ni yule yule wa mikono magotini. Picha zake zote, ya harusi, ya kitambulisho, za harusi za watoto, zote amekaza macho.

"Wajukuu wa mbele wakija kuziona," Mzee Kibona alituambia tulipofika, "watasema babu alioa askari magereza. Nimeishi na kicheko hiki tangu kijana, na sina ushahidi hata mmoja. Sekela, nataka niione kwa jicho hili lililobaki. Nikae nayo mpaka lizime."

Sekela akamwambia, "Babu, kamera niliyokuja nayo haijawahi kutokea. Leo unapata."

Mzee akanigeukia. "Mkwe wangu, mimi na wewe sasa tumekuwa sawa. Wote tunachungulia." Akacheka peke yake. Mimi nilijifanya nafunga kamba ya kiatu.

Ukungu ulikuwa umepanda, mwanga laini, mwanga ambao ningeununua kama unauzwa. Mama Kibona akaletwa nje ya nyumba na kitenge kipya, akakaa kwenye kiti, mumewe pembeni kwenye kigoda. Mikono magotini. Pumzi ndani.

"Bibi, cheka kidogo," Sekela akasema, huku anabonyeza.

"Piga kwanza," akajibu bila kufungua meno.

"Napiga, bibi."

"Mbona hupigi?"

"Nimeshapiga nyingi tu!"

"Umezipiga na nini? Mimi sina masikio?"

Nilichungulia kile kioo cha nyuma. Nyingi kweli, safi kweli, kila unywele wa ukope umesimama, na zote ni askari magereza. Sekela akakumbuka Bwana Harusi ana kispika cha kutoa mlio wa bandia, akauwasha. Tiki.

"Simu yako inaita, mjukuu wangu. Pokea," akasema Mama Kibona.

Tukamchukua Mpambe, yeye ana mlio wake kidogo. Chup.

"Na huyo anambusu nani?"

Mimi nilicheka, lakini yeye hakucheka. Alikuwa ameishika pumzi muda wote huo, anaiachia kidogo kwa kuiba, anaishika tena, maana kwake picha ilikuwa bado. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kilemba. Mwisho akasimama, uso umevimba. Akasema anachezewa, na ana maharage jikoni yanaungua, na kama wamemvalisha kitenge kipya wamfanyie mzaha wangemwambia mapema.

"Bibi, tafadhali," Sekela akasema, na sauti ilishaanza kukatika.

"Mwache," akasema Mzee Kibona. Alikuwa ameinamisha kichwa, jicho lake linatafuta mahali mke wake aliposimama na halimpati. "Mwache aende. Labda sikuandikiwa."

Wanangu, nimeona watu wengi wakilia kwenye kazi hii, na wengi nimewapiga picha wakilia. Lakini neno lile lilinichoma. Mzee haombi gari, haombi bati la nyumba, anaomba kicheko cha mke wake mwenyewe. Na sisi tumepanda na vyombo vya kisasa kuliko vyote, tumeshindwa kumpa. Hapo ndipo Mzee Simkonda alipokuja kichwani kwangu. Nikafungua kitenge.

"Mama," nikamwambia, "nipe nafasi moja tu. Ya kizamani."

Akaigeukia Mama Mkwe. Akaangalia lile chuma lililochubuka, kile kishikio, ule mkanda wa ngozi. Uso wake ukalegea. "Hiyo ndiyo kamera," akasema. "Sasa kwa nini mlianza na midoli?" Akarudi kukaa, akajipanga, mikono magotini, pumzi ndani.

Nilimnong'oneza Sekela, "Mshike Bwana Harusi wako. Kwenye mlio usibonyeze. Subiri baada ya mlio, kisha usimwachie."

"Lakini Shangazi, hiyo ya kwako haina filamu..."

"Nyamaza, mtoto. Subiri mlio."

Nikavuta kishikio, nikahesabu kwa sauti kama zamani, nikabonyeza. Kwaa!

Fyuuu, pumzi ikatoka. Mabega yakashuka. Kazi imekwisha, picha imepigwa, mwanamke yuko huru. Akamgeukia mumewe akampiga kofi gotini. "Haya, umeshiba sasa? Umenitoa kwenye maharage yangu kunianika nje kama mwali!" Mzee akainua kichwa, akamjibu kitu kwa Kindali, taratibu, sikioni. Mpaka leo wamekataa kuniambia ni nini. Mama Kibona akakirusha kichwa nyuma, kilemba kikateleza, lile pengo la mbele likaonekana lote, akacheka kicheko chake, kile cha majirani.

Bwana Harusi alikuwa ameshamkamata jicho. Kichwa kilienda nyuma, alimfuata. Kilirudi mbele, alimfuata. Mama akamwegemea mumewe, Bwana Harusi hakumwachia. Wala hapakuwa na sauti ya kumrudisha kwenye uaskari. Angekuwa Mama Mkwe ningepata picha moja, kwaa ya pili ingemwambia tunaendelea, angekaza tena. Bwana Harusi alikunywa kicheko chote mpaka mwisho na mwenye kicheko hakujua.

Baadaye akaniuliza ile picha yangu itakuwa tayari lini. Nikaona nisimdanganye mama wa watu. Nikafungua kifuniko cha nyuma, nikamwonyesha. Akainama, akaingiza kidole, akapapasa.

"Hamna kitu?"

"Hamna kitu, mama."

"Kumbe nimekaa wima mbele ya debe tupu!" Akacheka tena mpaka ikabidi ashike ukuta. Maharage yaliungua kweli, tukayala hivyo hivyo.

Jumatatu Sekela alimjibu mfanyabiashara kwamba anamchukua Bwana Harusi. Na mimi nilikubali, kwa hiyo hilo ndilo jibu langu kwenu, lakini lichukueni lote. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kama kazi yako ni ya kukamata mtu akiwa amejisahau, mnunue, hakuna anayemfikia. Kama wewe ni wa studio, watu wanakuja kukaa kwenye kiti na kutaka ngozi yao ionekane kama ngozi, mchukue Mpambe, na betri zitakutosha. Kama bado hujajua wewe ni yupi kati ya hao, hiyo ya sasa haijakuchosha, endelea nayo. Na yeyote utakayemnunua, jifunze kwanza huyo unayempiga anasubiri nini kwako. Hilo hakuna kampuni inayoliweka kwenye boksi.

Mngeniruhusu ningeishia hapo, lakini kuna jambo limebaki.

Sekela aliikuza ile picha, akaitia fremu, tukapanda nayo tena Itumba. Mzee Kibona hakuweza kuiona yote kwa pamoja. Tuliishikilia mlangoni penye mwanga, naye akaisogelea mpaka pua karibu iguse kioo, akawa anaisoma kwa kile kiduara chake kilichobaki. Alianza na kilemba. Akashuka kwenye jicho, akakaa hapo. Akashuka tena mpaka akafika kwenye pengo.

"Haya hapa," akasema. "Haya hapa meno yangu." Sekela alitoka nje akalia, na mimi sikumwambia anyamaze.

Kisha Mzee akaniambia, "Mkwe, hii nitaiangalia mpaka jicho lizime. Likizima nitapapasa kioo tu. Nina ombi jingine. Lile debe tupu, umekuja nalo?"

Nilikuwa nalo. Nilijua anachotaka kabla hajasema, na moyo wangu ulikataa. Ile kamera nilipewa na mtu aliyenifanya niwe mtu. Nilijifikiria nikizeeka nayo, nikizikwa nayo hata. Nikaushika ule mkanda. Kisha nikamvika shingoni, nikachukua kidole gumba chake nikakiweka kwenye kishikio.

"Vuta mpaka kigome," nikamwambia. "Sasa bonyeza."

Kwaa!

Kutoka jikoni Mama Kibona akapaza sauti, "Debe tupu hilo!" na kicheko kikafuata, kikapita uani, kikatufikia mlangoni. Sekela alimnyanyua Bwana Harusi, kisha akamshusha bila kubonyeza. Mzee alikuwa ameinua uso, anasikiliza.

Jicho sasa limefunga kabisa, mama yake Sekela ndiye aliyenipa habari. Picha iko ukutani kwa ajili ya wajukuu. Lakini kila asubuhi majirani wanasikia kwaa, na baada ya kwaa wanasikia kile kicheko. Kwa hiyo mkipita studio mkaona msumari mtupu pale juu ya mlango, msiniulize Mama Mkwe amestaafu lini. Yuko kazini.